Kuifanya Gia ya Baiskeli Iwe Nzito: Friwili ya Nyuma au Sproketi ya Mbele?

Mwendesha baiskeli ya gia moja anayetoka Tunguu kuelekea Jozani na Paje hufika mahali ambapo barabara ni tambarare, lami ni nzuri, na miguu inazunguka haraka bila ya baiskeli kuongeza mwendo. Hapo ndipo wengi huamua kwamba gia yao ni nyepesi mno, na wakifika kwa fundi huomba wawekewe gia nzito. Ombi hilo lina majibu mawili: kupunguza meno ya friwili ya nyuma, yaani lile duara la meno kwenye gurudumu, au kuongeza meno ya sproketi ya mbele, yaani duara la meno penye pedeli. Kwa hesabu ya mwendo njia hizi zinakaribiana, lakini zinatofautiana sana katika gharama, katika kazi ya fundi, katika uhai wa cheni, na katika urahisi wa kuirejesha hali ya mwanzo iwapo mwenye baiskeli atajuta. Iko pia njia ya tatu, inayowahusu wenye baiskeli za gia nyingi, ambao mara nyingi gia nzito wanayo tayari ila haifikiki kwa sababu waya umekufa kutu au skrubu imekazwa kupita kiasi.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo. Kwa mtu wa Unguja mwenye baiskeli ya gia moja asiyebeba mzigo mkubwa, kupunguza meno mawili ya friwili ndiyo njia iliyo sahihi katika hali nyingi. Kwa mtu wa Pemba, sioni faida ya kuifanya nzito baiskeli ya gia moja, na sababu zake nitazieleza kwa urefu kidogo, maana huko ndiko watu wanakoumia magoti bila ya kujua chanzo.

Kabla ya kununua chochote, ni lazima kuhakikisha kwamba gia ni nyepesi kweli. Tairi lenye upepo mdogo, breki inayogusa ringi na cheni iliyokauka humfanya mtu ahisi baiskeli haendi, naye akadhani kwamba dawa ni gia. Jaza upepo, zungusha magurudumu yakiwa hewani uone kama yanazunguka bila ya kukwama, kisha panda baiskeli katika barabara tambarare siku isiyo na upepo, na uhesabu mara ngapi mguu wa kulia unashuka ndani ya nusu dakika ukiwa katika mwendo wako wa kawaida. Ukipata 45 au zaidi, na hali hiyo ikawa ndiyo ya kila siku, gia yako ni nyepesi kwa miguu yako. Ukipata kati ya 30 na 40, gia inakufaa na tatizo liko kwingine. Ukiwa chini ya 25 kwenye tambarare, gia yako tayari ni nzito, na kuiongezea uzito kutakupunguzia mwendo.

Hesabu yenyewe

Uzito wa gia hupimwa kwa urahisi zaidi kwa kuangalia baiskeli inasonga mita ngapi pedeli inapozunguka mara moja. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma, kisha zidisha na mzingo wa gurudumu. Baiskeli zetu za kawaida za gurudumu la inchi 28, za Kihindi na za Kichina, zina mzingo wa takriban mita 2.24. Nitachukua mfano wa baiskeli yenye meno 44 mbele na 20 nyuma, lakini kila mmoja ahesabu ya kwake, kwa sababu hata baiskeli mbili za jina moja huweza kutofautiana, khasa zile ambazo zimekwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa.

Kwa 44 na 20, mzunguko mmoja wa pedeli unakupeleka mita 4.93. Ukiweka friwili ya meno 18 unapata mita 5.48, yaani gia imekuwa nzito kwa takriban asilimia 11. Ukiiacha friwili ya 20 na badala yake ukaweka sproketi ya meno 48 mbele, unapata mita 5.38, yaani asilimia 9. Tofauti ya matokeo hayo mawili ni sentimita 10 tu kwa kila mzunguko, na hakuna mguu utakaoihisi. Kwa mizunguko 60 kwa dakika, mwendo unapanda kutoka karibu kilomita 17.7 kwa saa hadi 19.7 kwa friwili ya 18, au hadi 19.4 kwa sproketi ya 48. Ukifanya yote mawili kwa pamoja, 48 mbele na 18 nyuma, unafika mita 5.97, na hapo ongezeko ni la asilimia 21, ambalo si dogo hata kidogo. Friwili ya 16 pamoja na sproketi ya 44 inatoa mita 6.16, nzito kwa robo nzima kuliko ulikoanzia.

Jambo la kuzingatia katika hesabu hii ni kwamba jino moja la nyuma lina nguvu kuliko jino moja la mbele. Meno mawili yakipungua nyuma yanazidi kidogo meno manne yakiongezeka mbele. Kwa hiyo anayetaka badiliko kubwa kwa gharama ndogo hutazama nyuma, na anayetaka kuongeza uzito kidogo kidogo hutazama mbele.

Friwili ya nyuma

Friwili hufungwa kwa nyuzi, kama za skrubu, kwenye haabu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma, na kila unapokanyaga pedeli unazidi kuikaza. Ndiyo maana friwili iliyokaa miaka haikubali kufunguka kwa urahisi, na hewa yetu ya chumvi huongeza ugumu huo. Fundi mwenye kifaa chake, kile kinachoingia kwenye mianya miwili ya katikati ya friwili, huifungua kwa kuizungusha kinyume na saa ndani ya muda mfupi, lakini fundi anayetumia tindo na nyundo huweza kuivunja mianya hiyo na kuvimwaga vipira vya chuma vya ndani. Kama friwili yako ya zamani bado ni nzima na ungependa kuihifadhi, uliza kwanza kama kifaa kipo. Mimina mafuta mepesi kwenye nyuzi siku moja kabla, na wakati wa kufunga mpya pakaza grisi kwenye nyuzi, ili siku ya kuitoa isiwe tena siku ya nyundo.

Faida kubwa ya njia hii ni kwamba hubadilishi kitu kingine, na ukiona miguu haikubali unairudisha friwili ya zamani. Ekseli itarudi nyuma kiasi cha milimita 6 tu ndani ya mwanya wa fremu unaoipokea, na kwa kawaida nafasi hiyo ipo bila ya kugusa cheni. Iwapo gurudumu lilikuwa tayari limefika mwisho wa mwanya, itabidi kutoa pingili moja kamili ya cheni, ya nje na ya ndani, na gurudumu litasogea mbele kidogo.

Hasara yake iko katika meno yenyewe. Cheni hushika takriban nusu ya mzingo wa friwili, kwa hiyo friwili ya 20 inagawa nguvu kwa meno 10, ya 18 kwa meno 9, na ya 16 kwa meno 8. Kadiri meno yanavyopungua ndivyo kila moja linavyobeba mzigo mkubwa zaidi na kurudi kazini mara nyingi zaidi, na ndivyo friwili inavyokwisha mapema, khasa kwa wanaopita njia za mchanga wa pwani, ambapo chembe za mchanga hushikana na mafuta ya cheni na kusaga chuma. Friwili mpya pia haipatani na cheni iliyokwisha kurefuka. Itaruka pale unapokanyaga kwa nguvu, na kuruka kwa cheni wakati umesimama juu ya pedeli kunaweza kukuangusha. Pima kwa rula kutoka pini ya kwanza hadi ya 25: cheni mpya hutoa karibu sentimita 30.5, na ikiwa imefika 30.8 nunua cheni pamoja na friwili. Katika hali hiyo ule unafuu wa njia hii unapungua, ingawa kwa maoni yangu bado haujaondoka.

Friwili ya 16 siipendekezi kwa baiskeli ya inchi 28 isipokuwa kwa kijana mwenye miguu iliyozoea, asiye na mzigo, na anayeendesha Unguja tu. Kwa nyuzi za kawaida za haabu zetu, meno 16 ndiyo mwisho wa friwili zinazopatikana kwa urahisi, na mtu akifika hapo hana tena pa kwenda nyuma.

Wale ambao baiskeli zao hufunga breki kwa kukanyaga pedeli kinyume wanapaswa kujua jambo ambalo mafundi wengi hawalisemi. Katika haabu za namna hiyo, nguvu ya breki hupitia cheni ile ile, kwa hiyo kupunguza meno ya nyuma kunapunguza pia nguvu ya kusimama kwa kanyagio lile lile. Kutoka 20 hadi 16 unapoteza sehemu moja katika tano ya breki yako. Mwenye breki ya fimbo au ya waya kwenye ringi hahusiki na hili, lakini mwenye breki ya kukanyaga, na ambaye hana breki ya mbele, asishuke chini ya 18.

Sproketi ya mbele

Mbele kazi ni kubwa zaidi. Katika baiskeli nyingi za kizamani sproketi imeunganishwa moja kwa moja na krenki (mkono wa pedeli) ya kulia, na krenki imeshikwa na pini inayopigwa nyundo kupita kwenye ekseli. Hii ina maana kwamba hununui sproketi peke yake. Unanunua krenki nzima na pini mpya, na pini ya zamani, ikiwa imeshika kutu, huweza kujikunja kabla ya kutoka. Pini isiyochongwa sawasawa na mwenzake wa upande wa pili huziacha krenki mbili zisikae katika mstari mmoja, na mwendesha baiskeli atahisi mguu mmoja unatangulia. Mara nyingi fundi huweza kulirekebisha kwa tupa, lakini inahitaji fundi mwenye subira.

Aidha, angalia kava ya cheni. Kava zilizofunika cheni yote zimetengenezwa kwa ukubwa wa sproketi iliyokuja na baiskeli, na sproketi ya 48 mahali pa 44 huweza kukwaruza ndani. Kwa mwanamke anayevaa buibui, au mwanamume anayeendesha kwa kanzu siku ya Ijumaa, kava ya cheni ni kinga ya nguo na ya maisha pia, na kuitoa ili sproketi kubwa iingie ni hasara ambayo hakuna mwendo unaoweza kuifidia.

Kuhusu cheni, hapa kuna bahati njema. Meno manne yakiongezeka mbele, cheni inahitaji kuongezwa pingili moja kamili, ya nje na ya ndani, nalo gurudumu linabaki pale pale lilipokuwa. Ukijaribu kuitumia cheni ile ile bila ya kuiongeza, gurudumu litalazimika kusogea mbele karibu milimita 13, na mara nyingi tairi litagusa madigadi au fremu.

Pamoja na ugumu huo wote, sproketi kubwa ina fadhila moja ambayo friwili ndogo haina: inapunguza mvutano wa cheni. Kwa kanyagio lile lile, cheni inayovutwa na sproketi ya 48 hupokea nguvu pungufu kwa takriban asilimia 8 kuliko ile ya 44, na nguvu hiyo hugawanywa nyuma kwa meno 10 badala ya 9. Kwa hiyo kati ya 44 na 18 kwa upande mmoja, na 48 na 20 kwa upande wa pili, ambazo kwa mwendo ni karibu sawa, hii ya pili itadumu zaidi na itazunguka kwa ulaini zaidi. Mtu anayeitegemea baiskeli kwa riziki kila siku, na ambaye krenki zake zimechoka na zinahitaji kubadilishwa hata hivyo, aende mbele bila ya kusita. Lakini kuitoa krenki nzima na nzuri kwa sababu ya meno manne tu sioni hekima yake.

Upepo na vilima

Hesabu ya tambarare haitoshi visiwani. Miezi ya kusi, anayetoka Jambiani kwenda Makunduchi huupokea upepo usoni karibu njia nzima. Nguvu ya upepo dhidi ya mwili hupanda kwa mraba wa kasi: ukienda kilomita 18 kwa saa dhidi ya upepo wa kilomita 18 kwa saa, upinzani wa hewa ni mara nne ya ule wa siku iliyotulia. Gia iliyokupendeza katika utulivu wa kati ya misimu huwa mzigo siku hizo, na baiskeli ya gia moja haina mahali pa kukimbilia. Hii ndiyo sababu ninayoipa uzito zaidi katika kushauri meno mawili tu: gia ya baiskeli ya namna hii ichaguliwe kwa ajili ya siku mbaya, si kwa ajili ya siku nzuri.

Pemba suala ni vilima. Si virefu, lakini vinafuatana. Barabara ya Chake Chake hadi Wete hushuka bondeni na kupanda tena, na njia za ndani zinazoingia mashambani huwa kali kuliko barabara kuu. Tuchukue mwinuko wa mita 5 kwa kila mita 100, mtu na baiskeli yake wakiwa na kilo 100 kwa jumla, krenki za sentimita 17, na ukinzani wa matairi barabarani wa karibu asilimia 1 ya uzito huo. Kwa gia ya mita 4.93, miguu inatakiwa kusukuma, kwa wastani wa mzunguko mzima, nguvu inayolingana na uzito wa karibu kilo 28. Kwa gia ya mita 6.16 inakuwa kilo 35. Ukiongeza gunia la karafuu au kapu la samaki la kilo 50 kwenye keria, zinakuwa kilo 42 na kilo 52. Huo ni wastani. Pedeli inapokuwa mbele katika usawa wa ardhi, ambapo mguu ndiyo unafanya kazi hasa, nguvu hupanda mbali zaidi ya hapo na kukaribia au kupita uzito wa mwili wa mwendeshaji. Hapo mtu hana hiari: atasimama juu ya pedeli na kuvuta hendeli kwa mikono, au atashuka na kusukuma. Magoti ndiyo yanayolipa, na wanaolipa zaidi ni wachukuzi ambao hawawezi kupumzika siku inayofuata.

Kwa hiyo mchukuzi wa Mkoani, Mtambile au Konde ambaye fundi amemshawishi aweke 18 mahali pa 20 ili aende haraka amepewa ushauri usiomfaa. Dakika anazozipata katika kushuka, ambako baiskeli ingekwenda yenyewe bila ya pedeli, anazipoteza mara mbili katika kupanda. Kwake yeye meno 20 yabaki, na kama mzigo ni wa kila siku, 22 si aibu.

Baiskeli za gia nyingi

Anayetaka gia nzito kwa tambarare na nyepesi kwa vilima ana njia moja tu ya uhakika, nayo ni baiskeli ya gia nyingi. Baiskeli nyingi za mtumba za gurudumu la inchi 26 zina sproketi tatu mbele, za meno 24, 34 na 42, na nyuma zinaanzia meno 14 hadi 28. Gia nzito kuliko zote, 42 kwa 14, inatoa karibu mita 6.2, ambayo ni sawa na ile friwili ya 16 niliyoionya hapo juu. Gia nyepesi kuliko zote, 24 kwa 28, inatoa mita 1.8 hivi, na kwa hiyo hata kilima cha Pemba, pamoja na gunia mgongoni mwa baiskeli, kinapandika ukiwa umekaa.

Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara ni kwamba baiskeli hizi "hazina gia nzito", na wenyewe huanza kutafuta sproketi kubwa. Kabla ya hapo, tazama kama cheni inafika kwenye duara dogo kabisa la nyuma. Katika aina zilizo nyingi, springi ndiyo inayovuta cheni kuelekea duara dogo, na waya huivuta kurudi kwenye makubwa. Waya ukikwama kwa kutu ndani ya mpira wake, springi haina nguvu ya kuushinda, na cheni hubaki duara la pili au la tatu. Dawa yake ni waya mpya na mpira wake, pamoja na tone la mafuta, na bei yake ni ndogo kuliko sproketi yoyote.

Waya ukiwa mzima lakini cheni bado haifiki, zungusha kile kirekebisho kilichopo mahali waya unapoingilia kwenye kihamisha cheni cha nyuma, kwa kufuata saa, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, ili waya ulegee. Ikishindikana, tafuta skrubu yenye herufi H kwenye kihamisha hicho na uilegeze robo mzunguko kinyume na saa, huku ukitazama kutoka nyuma mpaka kigurudumu cha juu cha kihamisha kikae wima chini ya duara dogo. Usizidishe, kwa sababu cheni itaangukia kati ya friwili na fremu na kukwama hapo. Upande wa mbele mambo ni kinyume: cheni hupanda sproketi kubwa kwa waya kukazwa, kwa hiyo isipopanda, kaza waya kwanza, kisha ndiyo uiguse skrubu ya H.

Wachache wana baiskeli za Kijapani zenye gia tatu ndani ya haabu, na hizi kwangu ni bora kuliko zote kwa matumizi ya mji, kwa kuwa chumvi na mchanga haviingii kwa urahisi. Katika haabu ya Shimano Nexus ya gia tatu, gia ya pili ni ya moja kwa moja, na ya tatu ni nzito kwa asilimia 36. Ikiwa ya tatu inateleza, weka kibadilishi kwenye namba 2 na ukaze au ulegeze waya mpaka ule mstari wa njano katika kidirisha cha kifaa kilichopo mwisho wa ekseli ulingane na alama zake. Hata baada ya marekebisho hayo, ukiona ya tatu bado ni nyepesi kwako, duara la nyuma la haabu hii halina nyuzi. Linashikwa na pete ya springi, na kulibadilisha kwa lenye meno mawili pungufu ni kazi ya bisibisi tu. Kumbuka kwamba gia zote tatu zitakuwa nzito kwa pamoja, ikiwemo ile ya kwanza unayoitegemea kupandia kilima.